Usingizi wa Kinyozi

Kila asubuhi ya likizo, Wakili alimaliza kazi za nyumbani kabla jua halijapanda juu ya mapaa. Alifagia ua, akachemsha chai, akaijaza chupa na kuikaza kifuniko, kisha akafunga mkate na mayai ya kuchemsha ndani ya kitambaa safi. Mama yake alikuwa ameshatoka saa hizo. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, na kule unga hukandwa kukiwa bado giza. Kwa hiyo kazi ya kumpelekea baba kifungua kinywa hospitalini ilikuwa ya Wakili, naye aliifanya kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda.

Jina hilo la Wakili alipewa na wateja wa baba yake. Baba alikuwa kinyozi, na tangu binti huyo akiwa mdogo alizoea kukaa kwenye benchi la kusubiria akiamua kesi. Aliyetangulia kuingia ndiye atakayetangulia kunyolewa, hata kama aliyemfuata ni mwalimu wake mwenyewe. Wateja walicheka, lakini walimtii. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa limemganda hata nyumbani.

Siku aliyoanguka, baba alikuwa juu ya ngazi akitundika kibao kipya mbele ya duka lake. Ngazi iliteleza, naye akaja chini pamoja na kibao chake. Mfupa wa paja ukavunjika. Tangu hapo alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, mguu umenyooshwa kwa kamba yenye uzito mwishoni mwa kitanda, akisubiri operesheni ya kuwekewa chuma.

Asubuhi moja Wakili alimkuta daktari akipita kitanda hadi kitanda. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya upole na hatua za haraka. Kando yake alikuwapo muuguzi msimamizi wa wodi, mwanamume mwenye kifua kipana ambaye wagonjwa walimwita Afande kwa jinsi alivyotembea.

"Umelalaje, mzee wangu?" daktari aliuliza huku akisoma cheti cha mgonjwa.

"Salama, daktari," baba alijibu akitabasamu.

"Maumivu je?"

"Kidogo tu. Ya kawaida."

Afande alimfunga baba kitambaa cha kupimia presha mkononi, akatazama mashine, akatikisa kichwa. Daktari naye akatazama, na uso wake ukabadilika.

"Bado iko juu," alisema. "Dawa tumekuongezea, lakini haishuki kama nilivyotarajia. Samahani, operesheni ya kesho tunaiahirisha tena. Siwezi kukupasua presha ikiwa hivi."

"Hakuna neno, daktari. Tutangoja."

"Tatizo ni kwamba mfupa haungoji. Ukianza kuunga vibaya, mguu utakuwa mfupi kuliko mwenzake, na kusimama muda mrefu kutakusumbua."

Wakili aliwaza juu ya duka. Kinyozi hafanyi kazi ameketi. Baba yake alisimama kutwa nzima nyuma ya kiti, tangu kufungua duka hadi kulifunga. Asiyeweza kusimama angemnyoa nani?

Daktari alipoondoka, Wakili alimimina chai na kumpa baba kikombe. Baba alikunywa funda moja, akaanza kuuliza habari za nyumbani, na katikati ya swali kichwa kikainama. Kikombe kiliegama. Wakili alikiwahi, lakini nusu ya chai ilikuwa imeshamwagikia shuka.

"Mwache," ilisema sauti ya chini kutoka kitanda cha pili. Alikuwa mzee aliyewahi kuendesha malori, aliyelazwa kwa ajili ya kifua. "Baba yako tangu aletwe hapa hajafumba jicho."

"Lakini amemwambia daktari amelala salama."

"Nimemsikia. Kila asubuhi namsikia." Mzee alijiinua kidogo kwenye mto. "Ile taa unaiona? Iko juu ya uso wake, na haizimwi. Toroli la dawa lina gurudumu linalolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akisema sasa asinzie, wanakuja kumpima joto kabla hakujapambazuka. Halafu niko mimi. Marehemu mke wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba ameolewa na lori, si na dereva. Nakoroma, mwanangu, tena nakoroma kwa gia zote."

Wakili alitaka kucheka, lakini alipomtazama baba yake, macho yamezungukwa na weusi na midomo imekauka, kicheko kilimpotea. Punde toroli likapita likilia, na baba akazinduka.

"Baba, kwa nini humwambii daktari kwamba hulali?"

Baba alimtupia mzee jicho, kisha akashusha sauti. "Mwanangu, hapa tumekuja kutibiwa, si hotelini. Wauguzi wanahangaika na watu wenye hali mbaya kuliko yangu, nami nianze kulalamikia taa? Na huyu ni mtu mzima. Nimwaibishe kwa sababu ya koromo?"

"Lakini daktari amekuuliza."

"Ah, ile ni salamu tu. Mtu akiulizwa ameamkaje, anasema salama. Wewe umeshamsikia nani anajibu vingine?"

Wakili alijaribu kukumbuka. Hakuwahi kumsikia mtu.

"Basi usiyapeleke popote maneno haya," baba alimaliza. "Nitajikaza."

Mchana baba angeweza kulala, kwa kuwa taa haikusumbua na mzee alikuwa akisoma gazeti lake. Lakini mchana ndio wageni walipokuja. Kinyozi alipendwa na mtaa mzima. Alikuja fundi viatu, jirani yake wa duka. Walikuja madereva, walimu na vijana wa timu ya mpira. Kila mmoja alitaka kusikia alivyoanguka, tena kuanzia mwanzo, na baba aliwasimulia wote, akicheka penye kucheka, macho mekundu kama pilipili.

Aliyezidi wote alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Yeye akiingia wodini aliwasalimu wagonjwa wote mmoja mmoja, akawauliza wanaumwa nini, akawapa ushauri, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mdogo wake na kupiga soga mpaka walinzi waje kumtoa. Alimpenda mdogo wake sana, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumwambia kitu.

Njiani kurudi nyumbani Wakili aliwaza. Taa hakuweza kuizima, wala toroli hakuweza kulinyamazisha. Lakini wageni aliwaweza. Kesho yake baada ya chakula cha mchana alivuta kiti, akakiweka kwenye mlango wa wodi, akaketi.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi viatu.

"Daktari amekataza wageni," Wakili alimwambia bila kupepesa macho.

Fundi viatu alijikuna kidevu. "Jana hakukataza. Na mguu uliovunjika unazuiaje mtu kusalimiwa?"

Wakili hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akasema la kwanza lililomjia. "Si mguu. Kuna homa imempata. Inaambukiza."

Fundi viatu alirudi nyuma hatua kadhaa, akaufuta mkono aliokuwa ameshika nao mlango. "Mpe pole," alisema akiwa tayari njiani. "Mwambie tunamwombea."

Ilikuwa rahisi mno. Walimu walikuja, wakaambiwa, wakaondoka. Vijana wa mpira walikuja, wakaambiwa, wakaondoka wakikimbia. Wakili alipochungulia ndani, baba yake alikuwa amelala, kofia imemfunika macho. Alijisikia kama aliyeshinda kesi kubwa kuliko zote.

Siku iliyofuata alikuwa tena kwenye kiti chake aliposikia kilio ukumbini. Shangazi alikuwa anakuja, kanga kichwani, machozi yanamtiririka, na nyuma yake mama, bado amevaa aproni ya tanurini yenye unga. Wagonjwa walioweza kunyanyuka walinyanyuka. Afande alitoka ofisini mwake.

"Mdogo wangu yuko wapi?" shangazi alilia. "Mmemtenga wapi? Nasikia amepata ugonjwa usiotazamika. Nasikia anakufa na hatuambiwi."

Baba aliamka ghafla, akataka kuketi, mguu ukamvuta, akaguna kwa maumivu. "Dada, nani amekufa?"

"Nani amesema kuna ugonjwa wa kuambukiza katika wodi yangu?" Afande aliuliza. Hakuhitaji kupaza sauti.

Mama ndiye aliyejibu. "Mtaa mzima unasema. Asubuhi hii msimamizi wa tanuri amenirudisha nyumbani. Ameniambia nisiguse unga mpaka nilete barua ya daktari, kwa kuwa mume wangu ana homa inayoambukiza. Wenzangu walinikimbia. Mkate niliokanda wameutupa." Akamgeukia binti yake. "Fundi viatu anasema habari hiyo ameipata mlangoni hapa."

Wakili aliinuka kwenye kiti. Angeweza kusema fundi viatu hakusikia vizuri. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alimwona mama yake, mikono imening'inia kama ya mtu asiyejua pa kuiweka, akayameza.

"Ni mimi," alisema. "Nilidanganya. Baba hana homa."

Shangazi aliacha kulia, akabaki mdomo wazi.

"Nilitaka alale," Wakili aliendelea. "Halali, mama. Usiku halali, mchana wageni wanamwamsha. Daktari akimuuliza anasema amelala salama, presha haishuki, na operesheni inaahirishwa kila siku. Mguu utakuwa mfupi, naye hasemi."

Baba alikuwa akitazama dari.

"Kweli hayo?" Afande alimuuliza.

"Ni kweli tupu," mzee dereva alidakia. "Na mkitaka kujua mmoja wa wanaomnyima usingizi, ni huyu anayezungumza nanyi."

Afande alimwita daktari. Alipofika alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akavuta kile kiti cha mlangoni, akakiweka karibu na kitanda, akaketi. Hapakuwa na karatasi mkononi mwake safari hii.

"Nakuuliza upya," alimwambia baba. "Wala hii si salamu. Umelalaje usiku wa jana?"

Baba alimtazama. "Sikulala, daktari."

"Na maumivu?"

"Usiku yanazidi. Yanapiga kama nyundo. Sikutaka kuwasumbua."

Daktari alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa nakuongezea dawa za presha, nikiamini unalala na huumwi. Mtu mwenye maumivu, asiyelala usiku baada ya usiku, presha yake itashukaje? Mwili unapolala ndipo moyo unapopumzika, na ndipo mwili unapopata nafasi ya kujirekebisha. Ungeniambia, tungeanzia hapo. Na mimi nina sehemu yangu. Nilikuuliza macho yangu yakiwa kwenye cheti. Ukalichukulia swali la hospitali kama salamu za njiani."

"Nilichelea kumwaibisha mzee," baba alisema kwa sauti ndogo.

Mzee dereva alicheka mpaka akakohoa. "Uniaibishe mimi? Nimekoroma kwenye nyumba za wageni za barabara zote. Niliwahi kuamshwa na mbwa wa jirani aliyekuja kutazama kuna nini."

Hata shangazi alicheka, huku bado anafuta machozi.

Afande hakucheka. Alikuwa anaiangalia taa. "Taa hii inawaka ili muuguzi wa usiku aone," alisema, kama anayejitetea. Kisha akanyamaza, akaikagua wodi kitanda kwa kitanda. "Lakini kweli, si lazima iwe hii. Ya pale kwenye meza yetu inatosha, na kila muuguzi ana tochi."

Siku hiyohiyo alimwita fundi wa hospitali, gurudumu la toroli likatiwa mafuta. Mzee dereva alihamishiwa kitanda cha mwisho ukutani, akawekewa mto mgongoni ili alale kwa ubavu, maana akilala chali ndipo lori linapowaka. Wagonjwa ambao joto lao halikuwa na tatizo wangepimwa baada ya kuamka wenyewe. Baba alipangiwa dawa ya maumivu kabla ya kulala. Wageni wangeingia saa za kutazama wagonjwa tu, wawili wawili.

"Siwaahidi kimya cha makaburini," daktari alionya. "Hapa ni hospitali. Mgonjwa akiletwa usiku ana hali mbaya, taa zitawashwa na watu watakimbia. Lakini yale tunayoweza kuyapunguza, tutayapunguza."

Wakili alidhani mambo yake yamekwisha. Mama alimshika mkono.

"Sasa twende," alisema.

"Wapi?"

"Kote ulikoupeleka uongo wako. Maneno uliyatoa mwenyewe, na kuyarudisha utayarudisha mwenyewe. Mimi nitakusindikiza tu."

Walianzia kwenye tanuri, wakiwa na barua fupi ya daktari. Joto la moto lilimpiga Wakili usoni, na wanawake wote waliokuwa wakikanda unga waliacha kazi kumtazama. Yeye aliyezoea kuamua kesi za watu sasa alisimama kama mshtakiwa. Alisema alivyofanya, bila kuzungusha. Msimamizi wa tanuri alimsikiliza hadi mwisho, akasoma barua, akamrudishia mama nafasi yake.

"Mikate tumetupa mingi kwa ajili yako," alimwambia Wakili. "Lakini umekuja kwa miguu yako. Hilo nimeliona."

Kisha wakaenda kwenye duka la fundi viatu. Alikuwa ameketi mbele ya beseni, akisugua nyundo na sindano zake kwa mchanga.

"Nilizilaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha kuua vijidudu," alieleza kwa uchungu. "Tazama kutu hii. Na mikono nimeiosha mpaka imechubuka."

Wakili aliomba radhi, kisha akapiga magoti kando ya beseni, akachukua mchanga na kuanza kusugua. Walipomaliza, kucha zake zilikuwa nyekundu kwa kutu, na fundi viatu alikuwa ameanza kutabasamu.

"Wewe mtoto," alisema, "ungeniambia tu kwamba baba yako amechoka, amelala, nisingeondoka? Mimi ni rafiki yake. Ningerudi kesho."

Wakili alifikiri jambo hilo njia nzima. Hakuwa amelijaribu hata mara moja.

Presha haikushuka kwa usiku mmoja. Asubuhi ya kwanza baba alisema amelala vipande vipande, na daktari akaandika hivyo. Asubuhi nyingine alisema ameamshwa na kijana aliyeletwa na ajali, lakini baadaye alilala tena. Halafu ikaja asubuhi ambayo Wakili alifika na chupa yake ya chai, akamkuta amelala fofofo, mdomo wazi, na mzee dereva kule ukutani ameweka kidole mdomoni kumwashiria asimwamshe. Wakili aliketi akangoja. Chai ilipoa, lakini hakujali.

Kipimo cha presha siku ile kilimfanya Afande apime mara ya pili ili aamini macho yake. Siku mbili baadaye baba aliingizwa chumba cha upasuaji. Mama, shangazi na Wakili walingoja kwenye benchi la nje hadi daktari alipotoka akivua kofia yake ya kijani.

"Chuma kimekaa vizuri," alisema. "Mguu uko sawa na mwenzake. Akifuata mazoezi atasimama nyuma ya kiti chake kama zamani."

Mama alimshukuru, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Alasiri, saa za kutazama wagonjwa, fundi viatu na mwenzake mmoja walifika mlangoni. Wakili aliwatokea.

"Operesheni imekwenda vizuri," aliwaambia. "Baba amelala. Anahitaji usingizi kuliko maneno leo. Mnaweza kuja kesho?"

"Kesho tutakuja," fundi viatu alijibu. "Akiamka mwambie tulifika." Wakaondoka, wala hakuna aliyechukia.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, ameyasikia yote. Alimvuta mpwa wake pembeni, akamwekea mkono begani. Kwa mara ya kwanza tangu Wakili amjue, alizungumza kwa kunong'ona.

"Sisi wote tulimpenda baba yako, na sisi wote nusura tumharibie mguu," alisema. "Yeye alificha ukweli kwa adabu. Wewe uliuficha kwa mapenzi. Mimi nilikuja kumpa pole, nikamnyima usingizi. Kumbuka hili ukiwa mkubwa: anayekutibu akikuuliza hali yako, mweleze kama ilivyo, maana atakutibu kwa hayo utakayomwambia. Usingizi wa mgonjwa uuheshimu kama unavyoiheshimu dawa yake. Na ukitaka kumlinda mtu, sema ukweli kwa upole. Watu wanaelewa zaidi ya unavyodhani."

"Nimekusikia, shangazi."

Waliingia hadi kando ya kitanda. Baba alikuwa amelala chali, mguu umefungwa bendeji nyeupe, kifua kinapanda na kushuka taratibu. Shangazi alimtazama mdogo wake kwa muda. Alikuwa na mengi ya kumwambia, ilionekana usoni. Badala yake aliinama, akavua viatu vyake, akavishika mkononi, na akatembea peku hadi nje ya wodi.